Besi ya Wimbo wa Mama

Usiku ule nililala nimeshindwa, kwa mara ya sita, kumalizia wimbo alioniachia marehemu mdogo wangu Sefu. Zilikuwa zimebaki siku mbili arobaini yake isomwe. Baba mdogo alikuwa ameshasema, tena kwa upole, kwamba kompyuta ya Sefu na sabufa, ile spika yake kubwa ya besi, vingekwenda Muheza kwa mwanawe anayesoma, na hakuna aliyepinga. Ndivyo tunavyofanya kwetu: arobaini ikisomwa, vitu vya marehemu vinagawiwa, kila mtu anarudi kwake.

Sefu aliwatengenezea vijana wa Korogwe muziki humo humo chumbani mwake, kuta zote amezibandika trei za mayai ili sauti isirudi. Aliugua wiki moja tu. Katika kompyuta aliacha wimbo ambao haukuwa wa msanii yeyote, juu yake ameandika neno moja: Mama. Unaanza taratibu, unapanda, ngoma zinakimbizana, halafu vyote vinanyamaza ghafla. Hapo kwenye ukimya palitakiwa kuingia ile besi ya kudondoka, inayoanza juu ikaporomoka mpaka kifua kitikisike. Hakuwahi kuiweka.

Na kwa mama, hiyo besi ndiyo wimbo wenyewe. Alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine za katani, zikamla masikio. Ukisema naye lazima akuone midomo. Nyimbo za Sefu alizipokea kwa njia moja tu: anaweka kiganja juu ya sabufa, anangoja, besi ikidondoka anacheka kama mtu aliyetekenywa. Mimi nisiye na tatizo la masikio nilikuwa chumba cha pili nyuma ya cherehani, nikipiga kelele, "Sefu, punguza!" Sikumbuki kama niliwahi kumwambia neno jingine kuhusu kazi yake. Siku moja kabla hajaugua alisimama mlangoni akasema, "Dada, njoo usikilize hii ya mama." Nikamjibu nina gauni la harusi, baadaye. Gauni nililimaliza. Kusikiliza sikwenda.

Basi nikajifunza. Fundi wa magauni mimi, kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi, nikakaa na video za watu kwenye simu nikifuata wanavyosema: chukua sauti moja tupu isiyo na mapambo, chora mstari wa kushuka, iache iporomoke kwa sekunde tatu, mwisho wake ufifie. Nilivaa spika za masikioni ili majirani wasije wakasema tunapiga muziki kwenye msiba. Kila besi ilipozama huko chini nikaacha kuisikia, nilidhani nimekosea, nikaipandisha. Nikaipandisha tena, mpaka ikanikaa masikioni vizuri kabisa. Nikaona nimeweza. Nikachomoa waya, nikafungulia sabufa, nikamwita mama. Akaweka kiganja. Akangoja.

"Washa basi," akasema.

"Imeshapita, mama."

Akautoa mkono. "Hapa hamna kitu, mwanangu."

Hivyo hivyo mara sita. Mara ya mwisho hakubishana nami, alinigusa bega tu akaenda kulala. Nilijua Jumamosi sabufa itapakiwa kwenye gari, na mama hatakuwa tena na mahali pa kumpata mwanawe. Hilo ndilo lililonilaza na machozi.

Ndotoni ni mchana mweupe. Niko chumbani kwa Sefu, lakini trei za ukutani zina mayai mazima, nami natembea kwa kunyata nisije nikayaangusha. Sefu amekaa kwenye stuli yangu ya cherehani, amenipa mgongo. Amevaa shati la bluu nililomshonea mwenyewe, bega la kushoto limekaa upande kama nilivyolikosea. Sikushtuka. Nilifurahi, tena nikamkasirikia kidogo: kumbe yupo, na sisi huku tumeazima masufuria mtaa mzima kwa ajili ya msiba wake.

"Sefu."

Hageuki. Nikazunguka mbele yake. Masikio yake yamezibwa pamba, ile ile ya maiti, nyeupe, mpya. Kiganja chake kiko juu ya sabufa, kama anavyofanya mama. Nikamweleza yote. Nikamwambia nisamehe, mdogo wangu, bibi harusi mwenyewe gauni lile hakulipenda, ningekuja, ilikuwa ni hatua nne tu kutoka kwenye cherehani. Yeye ananitazama midomo kwa adabu, jinsi anavyotazamwa mgeni anayesema lugha usiyoijua.

"Hiyo besi unaisikiliza wewe," akasema.

Sasa hakuna chumba. Tuko kwenye kiwanda cha katani, na mama ni kijana, kitambaa kichwani, amesimama mbele ya mashine inayotafuna majani. Mashine haitoi sauti hata kidogo. Majani yanaingia, nyuzi zinatoka, maji ya kijani yanammwagikia miguuni. Mama anaimba, naiona midomo yake. Mimi nimembeba Sefu mgongoni kwa kanga, ana miaka minne, na moyo wake unagonga kwenye mgongo wangu. Ndiyo sauti pekee iliyopo. Ninamwambia asilale, tunakaribia nyumbani, nitakukaangia mihogo. Ninasikia anavyokuwa mwepesi. Ninakaza fundo la kanga kifuani, ninalikaza tena, na kanga haina kitu.

Nikageuka kumtafuta, nikajikuta darasani. Ubaoni umechorwa mstari mmoja mweupe unaoshuka kutoka kona ya juu. Sefu ni mtu mzima tena, ameshika chaki, anaendelea kuushusha. Ubao unaisha, anachora ukutani. Ukuta unaisha, anapiga magoti na kuchora sakafuni, mstari unapita chini ya dawati langu na kuelekea mlangoni. Kadiri unavyokwenda ninasikia besi ikishuka pamoja nao, inakuwa nzito, inazidi kuwa nzito, halafu siisikii tena. Chaki bado inakwenda.

"Imekwisha," nikasema.

Akaniona midomo. Akatikisa kichwa.

"Shusha mpaka wewe usiisikie," akasema. "Hapo ndipo mama anapoanza."

"Na mimi? Mimi nitakupata wapi?"

Ananitazama. Kama alielewa, mpaka leo sijui. Anajikung'uta chaki kwenye suruali, na ninaona wazi anataka kuondoka. Nikamrukia. Nikaikamata pamba ya sikio la kulia kwa vidole viwili, nikaivuta taratibu kama ninavyovuta uzi wa kushikizia nguo ikishakamilika. Inakuja. Ni ndefu. Ninavuta, bado inakuja, ninavuta, na lile neno ninalo mdomoni tayari, nisamehe, nisamehe, ikitoka tu nitalisema.

Nikaamka vidole vimekunjika, sijashika chochote.

Kulikuwa kumeshakucha. Nilimwona mama uani akifagia, miguu mitupu. Sikunawa uso. Nikaingia chumbani kwa Sefu, nikaziacha spika za masikioni kitandani, nikafungulia sabufa na kuushika ule mstari kwa kipanya. Nikaushusha. Besi ikawa nzito. Nikaushusha tena, ikawa kama mguno wa mtu aliye usingizini. Majirani wakanitoka akilini. Nikaushusha zaidi, na hapo sauti ikanitoka masikioni kabisa, nikabaki naona vioo vya dirisha tu vikitetemeka. Mkono wangu ulitaka kuirudisha juu. Ile ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya mdogo wangu, nami nilikuwa ninaizamisha mwenyewe nisipoweza kuifikia, na iliniuma kama siku ile walipomtoa mlangoni. Niliiacha huko huko.

Sikumwita mama. Alikuja mwenyewe, ufagio mkononi, anatazama sakafu inayotetemeka chini ya nyayo zake. Akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya sabufa. Nikauanza wimbo tangu mwanzo. Ukapanda, ngoma zikakimbizana, zikanyamaza. Kwenye kioo cha kompyuta nikauona mstari ukianza kushuka. Nilisikia mguno mfupi wa mwanzo, kisha basi. Nikabaki kumtazama mama usoni.

Hakucheka kama zamani. Alifumba macho akasema kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyeisikia mwenyewe:

"Huyu. Huyu ndiye."

Nikataka kuweka kiganja changu kando ya vyake. Wimbo ulikuwa umefika mwisho, na bila mkono wangu kwenye kipanya usingeanza tena; ule mwingine haukuifikia sabufa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akasema rudia, nikarudia, mpaka jua likaingia dirishani na kutukuta hapo. Mama alikuwa akilia na kuitikia kwa kichwa, kidogo kidogo, kama mtu anayeambiwa jambo la kina. Nilikuwa nimekaa hatua moja tu kutoka kwao wawili, kila mara mguno ukizama nikiinamisha kichwa kusikiliza, na sikusikia kitu.