Wimbo wa Bonanza la Manzese

Chuo kilipoamua kwenda kupinga ukatili wa kijinsia mitaani, kilituchagua sisi timu ya netiboli. Sikushangaa. Sisi ndio tulikuwa tunashinda, na msichana mwenye kombe anapendeza kwenye picha. Tukapewa fulana za zambarau zenye maneno ya kuhimiza mabinti waseme, tukaambiwa Jumamosi tutakimbia mchakamchaka, tukiimba, mpaka uwanja wa shule moja Manzese, ndipo bonanza lianze.

Aliyetugawia fulana ni mlezi wa timu, mhadhiri wetu, mtu mzima mwenye sauti ya upole na nyumba mpya Tegeta. Nilimchukia mtu yule, na sababu ninayo. Nahodha wetu, niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja hosteli, alipata sapu, yaani arudie mtihani, katika somo la mlezi huyo, somo ambalo sisi wengine tulikuwa tunamtegemea nahodha huyohuyo atuelekeze. Alipokwenda kuuliza, akaambiwa alama zinazungumzika, aje Tegeta wazungumze wawili. Hakwenda. Akaurudia mtihani, na msahihishaji ni yuleyule. Akifeli tena anadisko, chuo basi.

Malalamiko alishapeleka idarani. Walimuuliza kama ana shahidi, halafu wakamuuliza siku ile alikuwa amevaa nini.

Tukakaa timu nzima, tukapanga. Katika mchakamchaka mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, na anayeanzisha hubuni maneno papo hapo bila kukaguliwa na mtu. Tungekimbia na nyimbo za kawaida, tukifika mbele ya mgeni rasmi nahodha abadilishe. Jina tulikubaliana tusilitaje.

"Tukimtaja watasema hatuna adabu, ishu yote igeuke kuwa adabu," alisema nahodha. "Sie tuimbe tu, wenyewe watajua."

Tulifika uwanjani tumelowa jasho. Meza kuu ilikuwa chini ya turubai, mgeni rasmi katikati, mlezi wetu pembeni yake. Kina mama wa Manzese walishajaa. Nahodha akainua mkono.

"Alama zangu ziko wapi?"

"Ziko Tegeta!"

"Nani kazificha?"

"Mwalimu!"

"Anataka nini?"

"Nikalale kwake!"

Niliikazia macho meza kuu, nikisubiri nyuso zibadilike. Vikapigwa vigelegele. Kina mama wakaanza kuitikia pamoja nasi, wengine wanakata viuno kabisa, na mshereheshaji akadakia kwenye kipaza sauti: "Ujumbe huo! Makofi kwa wadada!" Hapo nikaelewa. Kampeni zote zinazofika pale huja na ngonjera na maigizo. Walidhani na sisi tumekuja na igizo letu.

Mgeni rasmi akainuka kuja kututunza. Na kwetu mgeni rasmi akiinuka kutunza, meza kuu nzima inamfuata. Anayebaki kwenye kiti ataonekana ana neno. Mlezi naye akaja, anacheza mabega, akambandika nahodha noti kwenye paji la uso. Ikashika kwa jasho.

Nahodha akaibandua akaitupa chini. Akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Jamani, hili sio igizo. Mie ndio nimefelishwa. Ni mie!"

Alikuwa analia. Uwanja ukalipuka kwa makofi. Mama mmoja muuza vitumbua, aliyesimama karibu yangu, alijifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mwenzenu anajua kuigiza, mwanangu. Kaniliza."

"Mama, ni kweli," nikamwambia.

"Ndiyo," akajibu, akinipigapiga begani. "Haya mambo yapo."

Matokeo ya marudio yalipotoka, nahodha akadisko. Tulikwenda idarani timu nzima, tukaambiwa tusichanganye michezo na taaluma. Waliotuvisha fulana ndio haohao! Video ya bonanza ikawekwa kwenye ukurasa wa chuo, nayo inaishia pale noti inapobandikwa. Mwenzangu sasa anauza nguo za mtumba na dada yake huko Temeke.

Nahodha sasa ni mimi. Wiki hii nimeitwa ofisi ya michezo: kuna bonanza lingine, wageni waliipenda sana ile video, wanaomba tuurudie wimbo. Mlezi alikuwepo. Akaniuliza kwa upole wake uleule kama nitaweza kuanzisha, kisha akanikumbusha kuwa muhula huu nasoma somo lake. Nilitoka mle nina hasira, na si hasira peke yake. Niliogopa.

Nikampigia mwenzangu. Alikuwa anavutana bei na mteja, akaniambia nisubiri. Aliporudi nikamweleza yote, nikitegemea kwamba atanikataza, na ukweli nilitamani anikataze.

"Imbeni," akasema. "Ila safari hii mtaje jina lake. Na langu."