Kabla ya Kuijibu Kampuni Mpya

Kuna Jumapili moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na tangu uniambie kwamba kampuni nyingine inakuita na inataka jibu keshokutwa, nimekuwa nikiiota nikiwa macho. Usicheke nikikuita mwanangu. Katika kazi yetu ya kuandika programu, mwanamke wa miaka arobaini ameshakuwa bibi.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nimepita kampuni nne za Lilongwe, hapa Malawi, na ya tano ilikuwa imeniita. Nikaja kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kujisifu kwa Maman Sifa, dada mkubwa wa mama yangu, fundi cherehani aliyenilea. Akasema twende kanisani kwanza.

Kwaya ikasimama. Waliimba wimbo wa kwetu Fizi, Kongo, taratibu, vumbi likielea kwenye mwanga wa dirishani, hata nikasahau niko nchi gani. Maman Sifa hakuimba. Kila waimbaji walipoinua mikono, alikodolea macho makwapa yao. Niliona aibu! Tulipotoka nikamuuliza alikuwa akitazama nini.

"Naangalia makosa yangu," akasema. "Zile robe za kwaya nilishona miye. Ile ya bleu inabana ku mukono. Kesho mwenyewe ataniletea nitengeneze."

Nikamweleza habari yangu. Akaniuliza:

"Na ile kazi ya kwanza, ya bantu ba Mponela, inatembea muzuri?"

Sikujua. Niliwaandikia programu ya kupokea mahindi ya wakulima, nikahama kabla ya mavuno.

"Basi we hauyashona hata nguo moja. Unakataka kitambaa, unaenda. Miye nilifundishwa na nguo zenye zilinirudilia."

Maneno yale yaliniuma, nikalia njia nzima. Kesho yake nilikwenda Mponela. Karani wa ghala lao alikuwa akiandika uzito wa magunia kwa kalamu. Akaniambia kompyuta ilikuwa ikipoteza kila kitu umeme ukikatika, na aliyeitengeneza alishaondoka, hawamjui. Nilisema zikomo, asante ya kwao, nikatoka. Sikuthubutu kusema ni mimi.

Kampuni ya tano niliikataa. Pale kampuni ya nne nilikaa miaka sita, nikilalamikiwa na kurekebisha, na ndipo nilipokuwa mhandisi. Ingawa, nikuambie ukweli, miwili ya mwisho nilikaa kwa woga tu.

Kwa hiyo usianze na mshahara. Jiulize kama umeshaona ulichokiunda kikichakaa mikononi mwa watu, na kama ulikuwepo kukitengeneza. Kama bado, baki. Kama umeshaona, na pale hakuna tena kinachokusumbua akili, ondoka bila kuomba radhi. Wewe una miezi minane hapo ulipo, na programu yenu ya zahanati inaanza kutumika mwezi ujao. Mimi ningebaki, mwanangu. Ila jibu ni lako, na ukienda nitakupenda vilevile.

Mungu akutulize moyo unapoandika jibu hilo, akupe kazi inayokukuza, na popote utakapoketi, mikono yako isione haya.