Mke Wangu Anataka Koti la Mwanamke wa Filamu ya Kikorea

Ficheni jina langu. Mimi ni mjane wa miaka sitini na saba, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, na sasa ninashona nguo kijijini Nyarero. Wanaonijua wananiogopa, ndiyo maana nawauliza ninyi msionijua.

Sikujaliwa mtoto. Kwa mila yetu sisi Wakurya iitwayo nyumba ntobhu, mwanamke wa namna yangu anaweza kuoa mwanamke mwenzake ili amzalie. Nilitoa ng'ombe, nikamwoa binti wa watu. Leo ana miaka ishirini na minne, na mtoto wetu ana minne.

Jioni tunatazama filamu za Kikorea za enzi za zamani, zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kina mama humo huvaa sketi pana zinazoanzia kifuani. Wasichana wa kisasa wa enzi hizo hukata nywele, huvaa kofia za kubana na makoti marefu yenye kiuno kilichoshushwa hadi nyongani. Kwa jicho la fundi nimegundua kwamba mbunifu wa mavazi yale husema kabla mhusika hajafumbua mdomo. Msichana akishavaa koti, nyumbani kwao haonekani tena.

Mwezi uliopita mke wangu alileta kitambaa kizito cha kijivu.

"Mama, nishonee lile koti."

"Baridi gani ya Nyarero inataka koti hili?"

Akacheka. "La kanisani tu. Mama nawe, umekuwa polisi!"

Nikampima, nikakata. Juzi akaomba mfuko wa ndani wenye zipu. Jana akaniletea kipande kilichobaki. "Hiki kinamtosha mtoto," alisema, bila kunitazama.

Leo asubuhi shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alilikuta koti mezani.

"Shemeji, huyu anaondoka. Likiisha, niambie kabla hujampa. Vijana wangu wanazijua njia zote za mpakani Sirari."

"Mtamfanya nini?"

"Mtoto wa ukoo atarudi."

Kuhusu mama wa mtoto hakusema neno. Nami sikumwuliza tena.

Miaka sita nimemfundisha binti huyu kupika, kufuma na kusalimu wakubwa. Sijamwuliza hata siku moja kama alitaka kuja kwangu.

Nimebakiza vifungo. Yupo uani anafua, ananiuliza kwa sauti kama koti litakuwa tayari Jumamosi. Someni vizuri kabla ya kujibu: nimwambie nini?