Mama mkwe aliniuliza swali moja kila asubuhi, nami nikawa najibu tu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi. Hili limetokea nyumbani kwangu Kimara, na siongezi chumvi.

Mama mkwe alikuja kwetu kutoka Dodoma vijijini kutibiwa. Alikuwa na maambukizi ya mkojo yaliyopanda hadi kwenye figo. Akalazwa, akaruhusiwa. Daktari akasisitiza amalize dawa na anywe maji ya kutosha, la sivyo atarudi wodini.

Mke wangu ni mwalimu, ruhusa yake iliishia hospitalini. Nikachukua likizo mie ili nishinde na mama.

Hapo ndipo presha ilipoanza.

Mama hanywi maji. Nampelekea jagi asubuhi, jioni nalikuta vilevile. Midomo imekauka, akisimama anashika ukuta. Nikimbembeleza anasema, "Asante baba, nitakunywa." Hanywi. Nikawa nasogea mlangoni kusikiliza kama anapumua.

Mke wangu akirudi anafoka: "Mama, unataka tukuzike?"

Sasa angalieni hapa. Kila asubuhi nikishamwamkia, alikuwa anavuta khanga usoni na kuniuliza, "Leo huendi kazini, baba?"

Nami namwelewesha taratibu: niko likizo, kazi ipo, mshahara unaingia, usihofu. Mie nikianza kueleza jambo huwa nalieleza mpaka mtu asinzie.

Asubuhi moja akauliza tena, sauti imefifia. Maelezo yangu yote niliyajua kwa kichwa, ila hofu ilishanichosha. Safari hii nikayaacha.

"Mama, ungependa niende?"

Akageukia ukutani.

"Baba, choo kipo pale sebuleni. Mkwe umekaa, mie nipite mbele yako naenda haja?"

Wakuu, nikageuka kulitazama kochi langu.

Kwa msiojua: kwao mama na mkwe wa kiume wanaheshimiana mno, hata kupishana mlangoni ni aibu. Mlango wa choo unatazamana na kochi ninaloshinda nimekaa, eti namlinda. Akaona bora asinywe, asije akahitaji kutoka. Mke wangu amekulia Dar kwa shangazi yake, naye hakuliwaza hilo.

Nikampigia simu. "Tumpe chumba chetu, kina choo ndani."

Akacheka, mara ya kwanza tangu mama aruhusiwe. "Akalale kitanda cha mkwe? Hapo ndo utamuua kabisa!"

Basi nikajaza jagi, nikamwekea simu karibu, nikabeba kiti. "Mama, nipo nje kwa nyuma, pale kwenye tenki. Siingii mpaka uniite."

Nikakaa. Akianguka je? Roho moja inasema ingia, nyingine inasema tulia.

Muda ukapita. Nikasikia miguu inaburuzwa, mlango ukafungwa. Kimya. Halafu choo kikaflashiwa.

Mtu mzima mie nikapiga makofi peke yangu pale kwenye tenki.

Jioni jagi lilikuwa tupu. Sasa anaendelea vizuri, na kile kiti bado kiko nje.

Nilichojifunza: mgonjwa akirudia swali ambalo umeshamjibu, ujue hujalijibu. Punguza maelezo, muulize kinachomfanya aulize. Si jambo gumu, utaliweza.

Nyie mnaouguza nyumbani, mgonjwa wenu anarudia kusema nini? Andikeni hapa chini, pengine mwenzenu atasikia kitu ambacho nyie kimewapita.