Kwangu Ni Kijani

Siku hizi ukimwita Kijani haitiki. Zamani alilipenda jina hilo, na alijipa mwenyewe bila kujua. Ukimpigia simu fundi wetu wa mtandao kulalamika kwamba kompyuta haipati kitu, jibu lake lilikuwa moja: "Kwangu ni kijani." Maana yake, wewe ndiye mwenye kasoro.

Chumba chake kiko nyuma ya stoo ya mashuka ya hospitali. Ukutani kuna skrini kubwa yenye ramani ya jengo zima, na kila kifaa cha mtandao ni nukta: kikiwa kizima inawaka kijani, kikifa inawaka nyekundu. Programu inayoichora ramani hiyo aliiweka yeye, na pembeni iliandika muda iliofanya kazi bila kuzimwa. Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wake. Wageni wakiletwa kutembezwa, aliwaonyesha muda ule kama bibi anavyoonyesha picha za wajukuu.

Waliotengeneza programu walishatoa tahadhari kwamba ina upenyo. Mtu yeyote akiipelekea ujumbe uliokorogwa kwa makusudi, inaduwaa. Hakuna kinachoibiwa; inaganda tu na kuacha kazi. Dawa ilikuwepo, lakini kuiweka lazima uizime programu kidogo, na ukiizima muda unaanza kuhesabiwa upya. Kijani aliisoma tahadhari, akasema atafanya kesho. Kesho yake ilikuwa haifiki.

Siku moja asubuhi mama mkwe wake aliletwa, tumbo linamsokota. Akapigwa picha ya tumbo huku chini, akapandishwa ghorofani kwa daktari wa upasuaji, ambaye ilibidi aifungue picha hiyo kwenye kompyuta yake kabla ya kushika kisu. Picha haikufunguka. Mama yule alipona, niseme mapema usije ukasoma roho ikiwa juu, lakini pale kwenye benchi nje ya mlango wa daktari hakuna aliyejua kwamba atapona.

Muuguzi akapiga simu. Simu za ndani zinapitia kwangu mapokezi, kwa hiyo sikuhadithiwa.

"Kwangu ni kijani, dada," fundi akasema. "Zima, washa."

Akazima, akawasha, akapiga tena. "Fundi, njoo uangalie mwenyewe. Kuna mama hapa anaumia."

"Nije kuangalia nini? Mtandao upo. Acheni kubonyeza ovyo."

Kisha mkewe naye akampigia kwa simu hiyo hiyo ya muuguzi. Mama bado yuko kwenye benchi, amejikunja, na wanasema mtandao hakuna.

"Mwambie mama wanausingizia mtandao," akajibu. "Uvivu wao tu."

Akageukia skrini azipige picha nukta zake amtumie mkewe, iwe ushahidi. Hapo ndipo alipoiona saa ya kwenye ramani. Nje jua lilikuwa utosini. Kwenye ramani ilikuwa bado alfajiri.

Programu ilikuwa imeganda. Ujumbe uliokorogwa ulikuwa umeingia kutoka nje, hadi leo hatujui kwa nani, na ramani ikabaki inaonyesha uzima uliokwisha kupita. Baadaye kifaa cha ghorofani kikafa kifo chake cha kawaida, na nukta nyekundu isitokee. Asubuhi nzima mtu huyu alitubishia kwa kutazama ramani iliyolala.

Alipita mbele yangu anakimbia, kifaa kipya kwapani. Nikapanda nyuma yake, kwa umbea, sikatai. Kukibadilisha kulikuwa kazi ndogo sana, na hilo ndilo lililouma. Picha ikafunguka. Daktari aliitazama mara moja tu, akasema aingizwe chumba cha upasuaji sasa hivi, utumbo umejisokota na tumbo hili lilikuwa la kufunguliwa tangu asubuhi.

Kitanda cha magurudumu kilipopita, mama mkwe alimshika fundi mkono. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Nimekutetea, mwanangu. Wamekusema vibaya hapa tangu asubuhi. Nikawaambia, mkwe wangu akisema mtandao upo, upo. Nikawaambia waangalie kazi yao."

Benchi zima likamtazama. Nusura nimwonee huruma. Mama hakumwachia mkono. Akamgeukia muuguzi, yule yule wa kwenye simu.

"Mwombe radhi mkwe wangu, binti yangu, niingie huko na moyo mweupe."

Muuguzi aliujua ukweli wote. Alikuwa amekiona kile kifaa kibovu kikitolewa ukutani. Akamtazama fundi. Sote tulimngoja fundi aseme, na maneno mawili tu yangetosha. Yeye akakibana kile kifaa kibovu kwapani.

Basi muuguzi akamtazama mgonjwa, akainamisha kichwa. "Nisamehe, fundi," akasema.

Na fundi, macho yakiwa sakafuni, akajibu, "Haina neno, dada."