Turubai la Mtu Aliyepotea Angani

Filamu yetu ilimhusu mwanaanga ambaye chombo chake kinaharibika huko juu, mawasiliano yanakatika, naye anabaki peke yake na hewa kidogo. Tuliipigia nyumbani kwetu Ngonga, kwenye stoo ya mpunga, kwa simu yangu. Nguo ya mwanaanga niliishona mwenyewe kwa viroba vyeupe vilivyogeuzwa nje ndani, na kofia ikawa dumu kubwa la maji lililokatwa shingo. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyevaa. Ili aelee, tulimfunga kamba kiunoni tukamning'iniza kwenye kenchi ya paa, na kila alipopumua dumu liliingia ukungu, sura ikapotea. Mimi sina subira. Nilimfokea sana, eti apumue taratibu, na mtu mwenyewe mbavu zinamuuma.

Katika hadithi, watu wa nyumbani wanakata tamaa na kumwekea mwanaanga msiba, kisha yeye anarudi. Kwa msiba huo nilimhitaji mama, acheze mama wa mwanaanga. Nilijua ninamwomba kitu kizito. Miaka mingi nyuma baba aliondoka kwa mtumbwi kwenda kumzika rafiki yake upande wa pili wa ziwa. Upepo ukachafuka. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana. Ndugu walipokuja na turubai, mama aliwasimamisha uani akawauliza nani kauona mwili, nao wakaondoka na turubai lao. Tangu hapo neno marehemu halikutamkwa nyumbani kwetu, na hakuna aliyethubutu kumpa mama pole. Nilimkasirikia kwa hilo miaka mingi. Sisi wengine tulitaka kulia.

Alikubali, ila kwa sharti kwamba asilie mtu, maana aliye hai haliliwi. Nilikubali, ingawa moyoni niliona ananiharibia kazi.

Basi tukafunga turubai uani, tukatandika mikeka, mama akakaa katikati na majirani wachache niliowaomba. Watu wa barabarani sikuwaambia kitu. Sikufikiri kama kuna haja. Na huku kwetu, ukifunga turubai na wanawake wakakaa chini, hakuna anayepita kama vile hajaona. Kwanza waliingia kina mama wa Makwale waliokuwa wakitoka sokoni. Walijifunga khanga viunoni, mmoja akatua mkungu wake wa ndizi mlangoni pa jiko, wakakaa bila kuuliza. Wakaja wengine na mchele, wengine na kuni. Wanaume wakaanza kutafuta mabenchi.

Nilichukia. Picha nzima imevurugika, nikawaza, na sasa itabidi nimweleze kila mmoja kwamba aliyekufa hayupo. Mama mmoja mtu mzima alimshika mama mkono, akamuuliza kwa upole ni nani ametutoka. Nilifungua mdomo nijibu. Mama akaniwahi.

"Ni baba yao," alisema. "Ziwa lilimchukua. Ndaga fijo, asanteni sana kwa kuja."

Kisha akalia. Sijawahi kusikia kilio cha namna ile, na sitaki kukisikia tena. Wanawake wote wakampokea, hata majirani niliowaleta kuigiza. Mimi nilizima simu iliyokuwa ikirekodi, nikaiweka mfukoni.

Mdogo wangu alikuwa stooni akisubiri tumwite. Aliposikia kilio alitoka mbio kama alivyo, na viroba vyake na dumu kichwani, akasimama mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka. Alimtazama mama, akalivua dumu polepole, akaenda kukaa na wanaume. Watu walilala kwetu, walipika, waliimba, na mchungaji akaitwa kumwombea baba.

Siku nyingi zikapita bila kupiga picha yoyote. Nilipoanza tena niliamua kubadilisha mwisho, mwanaanga apotelee huko huko, kwa sababu niliona aibu kumrudisha mtu mbele ya mama. Ni yeye aliyekataa. Alisema huyu arudi, watu wanamsubiri. Tukapiga tukio la mwisho: mwanaanga anatembea kwenye majaruba ya mpunga mpaka nyumbani, mama anafungua mlango.

Tuliionyesha mjini Kyela, kwenye banda la video, Jumapili alasiri. Watu waliicheka nguo ya viroba, nami nikauma meno. Mwenye banda, mfanyabiashara wa mjini, aliniinamia akanung'unika kwamba msiba wenyewe hauna kilio, mtazamaji ataamini vipi? Kilio cha mama nilikuwa nimekikata. Nilimwambia ndivyo ulivyo. Lakini hewa ya mwanaanga ilipokaribia kuisha banda lilitulia, na mlango ulipofunguliwa, mama akamshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili, watu walisimama juu ya mabenchi wakishangilia.

Mama alikuwa ameketi kando yangu. Hakusimama. Alimtazama kwa muda mrefu yule mwanamke aliye kwenye skrini, kana kwamba ni jirani tu anayemfahamu.

"Huyu mama amebahatika," alisema.

Halafu akampigia makofi.