Kufuta Kwenu na Kufuta Kwetu

Ukitaka kumuudhi Mama Deki, usihangaike kumtukana. Mnyang'anye kitu mkononi wakati bado anakitumia, basi, umemaliza. Alikuwa hivyo tangu usichana. Mume wake, fundi viatu mwenye maneno mengi kuliko misumari, husimulia kwamba hata siku ya harusi yao alikataa kushikwa mkono kushuka ngazi. Alishuka mwenyewe, gauni kalikunja mpaka magotini, na wageni wote wakaziona soksi.

Mwanamke huyu alikuwa msimamizi wa wasafishaji katika hospitali ya ghorofa tatu, na alikuwa na miaka ishirini na miwili pale. Jina la Mama Deki alipewa na wauguzi, kwa sababu sakafu ikishapigwa deki hakuna anayepita mpaka ikauke, awe daktari bingwa, awe nani. Husimama mlangoni na fagio lake akasema, "Una haraka, ruka." Na madaktari wameruka sana, makoti yameshikwa mkononi.

Basi ikaja programu mpya ya vitanda. Zamani msafishaji akimaliza kitanda alining'iniza kadi nyeupe miguuni pake, muuguzi akaiona, mgonjwa akaitwa. Sasa kila wodi ilipewa kishikwambi, na chini mapokezi kukawekwa kioo kikubwa kinachoonyesha vitanda vyote vya hospitali. Kilicho tayari ni kijani, kichafu ni chekundu. Msije mkadhani Mama Deki ni wale wanaoogopa mashine. Mashine ya kung'arisha sakafu ilipoletwa, wenzake waliikimbia kama nyoka, na yeye ndiye aliyeishika wa kwanza. Kioo alikipenda. Shida ilikuwa somo lenyewe.

Mkufunzi alitoka kwenye kampuni iliyotengeneza programu, kijana nadhifu, viatu vinameta. Alipewa saa mbili, ukumbi, na wasafishaji thelathini. Kila akieleza jambo alimalizia, "Rahisi tu, unabonyeza hapa," na kabla chai haijaletwa alishaitwa Bwana Bonyeza. Mtu akinyoosha mkono kuuliza, kijana anakuja mbio, anachukua kishikwambi, vidole vinaruka, anakirudisha. "Umeona?" Hakuna aliyeona kitu zaidi ya kucha zake, lakini nani aseme? Wote waliitikia ndiyo.

Alipofika kwa Mama Deki, kishikwambi hakikutoka. Kijana akavuta, mama akakaza.

"Mwanangu, nimekuomba unifundishe. Sijakuomba unisaidie."

Watu walicheka, kijana naye akacheka, na saa mbili zikawa zimekwisha. Wakapitishiwa karatasi ya mahudhurio, wakatia sahihi kwamba wamefundishwa na wameelewa.

Haikupita wiki, vitanda vikaanza kupotea. Wodi ya tatu ina vitanda ishirini na vinne. Jumatatu kioo cha mapokezi kilionyesha kumi na tisa, Jumanne kumi na vitatu. Juu kule vitanda vimetandikwa, shuka zimenyooka, na chini wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi wakiambiwa wodi imejaa. Mzee mmoja aliyevunjika nyonga alikaa tangu asubuhi hadi saa nane mchana, ameuma kitambaa asilie mbele ya wajukuu. Mama Deki alimpita mara tatu na ndoo yake. Mara ya nne hakuweza tena kupita hapo, akazungukia nyuma.

Kampuni ilichungulia ndani ya programu, ikasema vitanda vinafutwa na mtu, na jina la mtu huyo liko hapa. Jina lilikuwa la Kimya.

Kimya ni msafishaji wa wodi ya tatu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, anayelea wajukuu wawili peke yake. Miaka kumi na minane hajawahi kuchelewa, na maneno aliyosema kwa miaka yote hiyo yangeingia kwenye mfuko wa shati. Alimfuata Mama Deki kwenye stoo ya sabuni, akavua glavu, akatoa humo barua iliyokunjwa. Barua ya katibu wa hospitali ilimtaka afike Ijumaa aeleze kwa nini asifukuzwe kazi kwa kuharibu kumbukumbu za hospitali kwa makusudi.

"Dada, mimi nimefanya kama walivyosema," alisema.

Mama Deki aliisoma barua mara mbili. Hilo neno makusudi lilimkera. Kumwita Kimya mzembe ni uongo, lakini kumwita mharibifu, jamani, huko ni kumtemea mtu mate.

"Lete hicho kishikwambi," alisema. "Twende wodini, ufanye kazi yako kama siku zote. Mikono yangu hii naiweka mgongoni, sigusi kitu."

Kimya alikishughulikia kitanda namba tisa. Alipangusa vyuma vyote, akageuza godoro, akafuta huku na huku, akapiga magoti kufuta chini ya mbavu za kitanda mahali ambapo hakuna mkaguzi aliyewahi kuangalia. Akatandika. Kisha akavua glavu, akafungua kitanda namba tisa kwenye kishikwambi. Vikatokea vitufe vitatu vimeandikwa Hifadhi, Hariri, Futa.

Kimya akabonyeza Futa.

Mashine ikamuuliza, Una uhakika unataka kufuta kitanda namba 9?

"Nina uhakika, na nimeshakifuta," Kimya aliiambia kwa upole, akabonyeza Ndiyo. Kitanda namba tisa kikatoweka.

Mama Deki aliinama kukiangalia kishikwambi. "Na hivi viwili vingine?"

"Hifadhi? Kitanda kizima nikakihifadhi wapi, dada, kabatini? Na hariri hapa hatuna. Shuka zetu zote ni pamba."

Mama Deki alicheka mpaka akakaa juu ya kitanda kilichotandikwa, jambo ambalo angemfukuzia mtu. Kisha kicheko kikamkatika. Alijua kabisa kwamba angekuwa yeye, angebonyeza hicho hicho. Ukiwa na kitambaa mkononi na umetoka kufuta, futa nyingine ipi itakujia kichwani? Akazunguka wodi zingine kuuliza, akakuta huko wauguzi walishavichukua vishikwambi wakabonyeza Hifadhi wenyewe, wasafishaji hawaruhusiwi hata kuvishika. Kwa hiyo hospitali nzima aliyetii agizo ni mmoja, na ndiye anayefukuzwa.

Nyumbani jioni mume wake alimsikiliza, uzi wa viatu umening'inia mdomoni. "Mwombeeni radhi yaishe," alisema. "Katibu wenu anapenda kuombwa."

"Radhi ya nini?"

"Ya kumnyamazisha tu."

"Mimi simnyamazishi mtu kwa kosa ambalo halipo. Potelea mbali, nifukuzwe na mimi."

Fundi viatu alimjua mke wake. Alimwona tu akichukua kitambaa cha jikoni, akakikunja vizuri, akakitia mkobani. Akauliza ni cha nini.

"Ni shahidi wangu," alijibu Mama Deki.

Ijumaa waliingia ofisini kwa katibu wa hospitali watu watatu, Kimya, Mama Deki na Bwana Bonyeza. Katibu alikuwa amekunja uso tayari. Alisema programu haina kosa, imepimwa, inatumika kwingi. Alisema tatizo ni kwamba baadhi ya wafanyakazi hawasomi kilichoandikwa.

"Tunasoma, bwana Katibu," Mama Deki alisema. "Taabu yetu yote imetokana na kusoma."

Akachukua glasi ya maji ya katibu, akamimina kidogo juu ya meza. Katibu akaruka kuokoa karatasi zake. Mama Deki akatoa kitambaa mkobani, akamkabidhi mkufunzi.

"Mwanangu, nifutie meza hii."

Kijana hakuwa mtoto wa hovyo, alilelewa. Alifuta meza vizuri, mpaka pembeni, akakunja kitambaa.

"Mbona meza bado ipo?" Mama Deki alimuuliza.

Kijana akatazama meza.

"Nimekwambia ufute meza, na meza naiona hapa. Ulitakiwa uibebe ukaitupe nje. Huyu dada yangu mmemwambia afute kitanda, amekifuta, mkakitupa nyinyi, halafu barua kaandikiwa yeye."

Kimya kiliingia, siyo yule mwanamke, kimya chenyewe. Katibu alikohoa. Bwana Bonyeza alikaa chini polepole, akashika kichwa, na lazima nimpe haki yake hapa, kwa sababu angeweza kubisha na hakubisha.

"Hatukuwahi kumwuliza msafishaji hata mmoja," alisema. Akafungua daftari, akamgeukia Kimya. "Mama, pale unapobonyeza ukimaliza kitanda, wewe ungetaka paandikwe nini?"

Kimya alifikiri. "Kiko tayari," alisema.

"Na cha kuondoa kitanda kabisa?"

"Ondoa. Na hicho sisi msitupe."

"Na somo linarudiwa," Mama Deki aliongeza. "Nitafundisha mimi, wodini, mbele ya kitanda. Wewe utakuja, na mikono yako itakuwa mgongoni."

Kijana aliandika na hilo pia.

Katibu aliona mambo yamefika mwisho mwema, akajiegemeza kwenye kiti. "Basi yameisha. Barua itabaki kwenye faili lake, na mimi nitaandika chini yake kwamba amesamehewa."

Kimya alikuwa ameshainuka. Mama Deki alimshika kanga, akamkalisha.

"Amekosa nini hata asamehewe? Barua hiyo ifuteni."

Katibu alijaribu utani. "Kwa kufuta kwenu, au kwa kufuta kwetu?"

"Kwenu," alisema Mama Deki, na hakutabasamu.

Katibu akachana barua iliyokuwa mbele yake. Mama Deki akaonyesha kompyuta kwa kidevu, kwa kuwa alijua nakala iko wapi. Katibu akaitafuta, akabonyeza, na swali likatokea kwenye kioo, Una uhakika unataka kufuta?

Mama Deki akaigeuza kompyuta upande wa Kimya, pamoja na kipanya chake. Kimya alinyoosha kidole, akasita, hakujua abonyeze wapi. Bwana Bonyeza akapeleka mkono haraka kumsaidia, kisha akakumbuka, akaurudisha mgongoni, na wote watatu wakamngojea mpaka alipokiona kitufe cha Ndiyo mwenyewe.